Maduka ya zamani Uhindini: tuvunje au tubakize?

Wakuu habari zenu. Kuna mdau kasema maghorofa mafupi ya Uhindini, mitaa ya maduka ya Wahindi katikati ya Dar es Salaam, ni masalia ya mkoloni, yamechoka, yapishe minara ya ghorofa nyingi. Naomba tulijadili bila jazba, maana tunabishania uzee wa majengo wakati ugonjwa uko kwenye umiliki.

Pita Mtaa wa Jamhuri, Libya au Mosque, uinue macho. Chini fremu mbili tatu, katikati ngazi nyembamba, juu makazi yenye roshani na madirisha ya shata. Kwenye ukuta wa mbele unaoficha bati utakuta mwaka na jina la ukoo vimechorwa kwa plasta. Mengi ni ya kabla ya Uhuru. Roshani ile si pambo tu. Inatokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, na kwa kuwa maduka yamebanana ukuta kwa ukuta, masika unatembea kipande kirefu bila kulowa. Minara mingi mipya mbele ina geti la maegesho. Hapo kivuli kinakatika.

Aliyesema ni ya mkoloni yuko sawa nusu. Mjerumani ndiye aliyeanza kuugawa mji, Mwingereza akaendeleza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Ila maduka yenyewe yalijengwa na wenye biashara kwa hela zao.

Tatizo lilianza 1971. Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipwa fidia. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, kisha 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Tangu hapo aliyemo dukani mara nyingi si mwenye jengo. Mpangaji hawezi kutia hela kwenye roshani isiyo yake, na mwenye jengo alikaa miaka mingi na kodi iliyodhibitiwa kisheria. Bati linavuja, nondo zinashika kutu, zege linamenyuka. Halafu anakuja mbia mwenye mtaji wa kujenga upya na Shirika, tunaambiwa jengo limechoka. Lilichoshwa!

Maoni yangu: sura ya mbele ibaki na roshani zake, uani wajenge kwenda juu, na mpangaji anayekarabati akatiwe gharama kwenye kodi. Karibuni.

Mkazi wa Kisutu: Mkuu, wewe unapita barabarani, sisi tunalala humo. Bomba likipasuka ghorofa ya pili, chini mzigo wa vitambaa unalowa. Nyaya ni za enzi za babu. Kiwanja hicho hicho mnara unabeba familia nyingi mno, na mji una uhaba wa nyumba. Roshani nzuri kwenye picha.

Fundi Chokaa: Naongezea kidogo. Kuta nyingi za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinapumua. Mafundi wetu wakikarabati wanapiga plasta ya simenti, unyevu unanaswa ndani, miaka michache ukuta unabanduka vipande, lawama anapewa marehemu aliyejenga. Na tukiongelea usalama tusisahau Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013: jengo lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36 lilikuwa ghorofa refu, tena bado linajengwa.

Mleta mada: Fundi, hilo la simenti nimelichukua. Ndugu wa Kisutu, shida ya bomba na nyaya sibishi, na sisemi mtu akae kwenye hatari ili watalii wapige picha. Lakini bomba linabadilishwa bila kuvunja mtaa. Na hizo familia nyingi za mnarani ni zipi? Bei za nyumba mpya za katikati ya mji unazijua. Mwenye fremu aliingia kwa kilemba kikubwa, yaani hela ya kuachiwa fremu, pengine alichukua mkopo; kilemba hicho alimpa mpangaji aliyetoka, hakimo kwenye mkataba, kwa hiyo siku ya kuvunja kinayeyuka. Fundi cherehani wa barazani ndiyo kabisa, yeye hata karatasi hana. Sasa nijibu wewe unayetaka mnara: mbia akija kwenye jengo lenu kesho, ni wapi pameandikwa kwamba utarudi, na kwa kodi gani?