Waridi la jangwani: nianze na mbegu, tawi au mche wa kubebeshwa?

Mama_Kijani (Dodoma)
Wakuu habari za leo. Nipo Dodoma mitaa ya Kisasa, nyumba ndo tumehamia na mbele ya geti kuna eneo linapigwa jua kuanzia asubuhi mpaka jioni, maji yenyewe ya mgao, kwa hiyo nimeamua pale pawe pa waridi la jangwani, ile adeniumu yenye shina nene chini na maua ya pinki. Ukame haunipi shida naijua inavumilia, ninachokwama ni pa kuanzia. Kuna dada anauza mbegu. Jirani yangu ana mti mkubwa kaniambia nikate tawi bure. Halafu kuna kitalu wana miche ya kubebeshwa (kikonyo cha mti mmoja kimeungwa juu ya shina la mwingine), maua tabaka tabaka, mekundu ya kuiva yenye ukingo mweusi, mazuri mno ila bei imechangamka. Nataka kitu cha kudumu miaka na kiwe na lile tumbo chini. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi? Nina watoto wadogo na mbuzi wa jirani wanakatiza hapo kila siku.

Fundi_Bustani (Dar)
Karibu mama. Umeshasema unataka tumbo basi umeshajijibu, ni mbegu. Mche wa mbegu unaanza kuvimba chini mapema sana, hata kabla haujafika urefu wa kidole unaona pale chini pamenenepa, na tumbo lile ndo ghala lake la maji. Tawi ulilokata linatoa mizizi myembamba ya kawaida, shina linanenepa kidogo kidogo miaka inavyoenda lakini lile umbo la kiazi kutoka chini hulipati vizuri. Watu wengi wanapewa tawi wanapanda wanasubiri tumbo miaka, halipo.

Mbegu ziwe mbichi. Zikiwa za msimu huu kwenye joto kama la huko zinaota ndani ya wiki, zikikaa sana kwenye droo nguvu inapungua. Loweka masaa machache kwenye maji ya uvuguvugu, zilaze chali zisisimame, funika na mchanga kiduchu tu, weka kivuli cha nusu na unyevu wa wastani mpaka zichomoze, kisha anza kuzizoesha jua taratibu.

Kitalu_Mwenge
Mimi nauza miche kwa hiyo nijitaje mapema nisije kuonekana napigia debe. Naheshimu alichosema Fundi ila kuna kitu hakijasemwa, mbegu haikuhakikishii ua. Ukichukua mbegu kwenye mti wenye maua mekundu ya tabaka unaweza kupata pinki ya kawaida yenye petali tano, kwa sababu mbegu imechanganya baba na mama. Rangi zile za ajabu wanaozizalisha Thailand na Taiwan zinahifadhiwa kwa kubebesha, hakuna ujanja. Mche wa kubebeshwa chini ni wa mbegu, kwa hiyo tumbo lipo, juu ndo kimechomekwa kikonyo cha rangi unayoitaka. Unapata vyote viwili na unaona ua kabla hujatoa hela.

Cha kuangalia ukienda kununua: shika pale kwenye kiungo. Pawe pagumu, pamefunga pande zote, kusiwe na ufa wala weusi. Bonyeza tumbo kwa kidole gumba, likibonyea kama nyanya iliyoiva sana acha hapo hapo hata kama maua yanapendeza, huo umeshaoza kwa ndani. Na ukishaupeleka nyumbani, chipukizi lolote linalotoka CHINI ya kiungo litoe, maana hilo ni la mti wa chini, lina nguvu kuliko la juu na ukiliachia litachukua chakula chote mwishowe unabaki na pinki ya kawaida uliyoilipia bei ya nyekundu.

Wa_Voi
Habarini, nawasalimu kutoka Voi. Hii dezati rozi kwetu ni ya porini, ukipita Tsavo wakati wa kiangazi unaona kichaka hakina jani hata moja, kijivu kabisa, lakini juu kimejaa maua ya pinki, na hakuna mtu amewahi kukimwagia maji. Venye naona, watu wanajua haipendi maji mengi lakini hawajui inachukia nini haswa. Maji yenyewe si shida, shida ni maji kukaa kwa mizizi. Huko porini inamea kwa mawe na kokoto, mvua ikinyesha inakunywa sana na kesho yake pamekauka. Kwa hiyo mama hata ukichagua mbegu ama hiyo ya kubebeshwa, kama udongo wako ni ule wa mfinyanzi unaoshika maji zote zitaoza tu.

Na tafadhali mtu akikuletea kubwa imeng'olewa msituni usinunue. Hizo zinachukua miaka mingi sana kufika saizi hiyo, ukinunua moja anarudi kung'oa zingine.

Mama_Kijani (Dodoma)
Wa_Voi asante kaka, hilo la udongo limenigusa maana kwangu juu ni mwekundu wa kichanga lakini ukichimba kidogo unakutana na mgumu kama simenti. Nichanganye nini? Na je niweke ardhini au kwenye chungu?

Fundi_Bustani (Dar)
Kwa huo wa chini mgumu usichimbe shimo. Ukichimba shimo kwenye ardhi isiyopitisha maji umetengeneza beseni, mvua za Desemba mpaka Aprili zitajaa humo na mmea utakaa kwenye supu. Inua tuta, panga mawe pembeni, jaza juu ya usawa wa ardhi. Mchanganyiko wangu ni mchanga mkubwa wa mtoni (ule mwembamba wa kupigia plasta unashikana) na kokoto ndogo ndo ziwe nyingi, halafu udongo kidogo, samadi iliyooza kabisa kidogo na chengachenga za mkaa. Ukimwagia maji yapite unaangalia. Yakisimama juu ongeza kokoto.

Chungu nacho kizuri, kiwe cha udongo, kipana kisicho kirefu, na matundu ya kutosha. Faida yake mimi hapa Dar masika navisogeza chini ya upenuo, mvua ya Aprili huku na ule unyevu wa hewani ndo vinaua waridi nyingi kuliko wadudu wote. Huko Dodoma hewa kavu mmebarikiwa, kiangazi chenu chote ni cha kwake.

Bi_Salma (Maskati)
Assalam alaykum nyote. Na mimi nitie neno kutoka Omani. Huku kusini Dhofar ipo ya asili, milimani inakuwa na mashina makubwa kabisa yamekaa juu ya majabali, hutoa maua kabla ya khareef, msimu wa mvua wa huko, kuingia. Mimi niko Maskati na hapa kipupwe haina taabu yoyote ila kiangazi nawaasa juu ya vyungu vyeusi vya plastiki. Jua likipiga plastiki nyeusi mizizi inapikika, mmea juu unaonekana hauna neno kumbe chini hali mbaya. Dodoma najua si joto la hapa lakini kwa eneo la jua la kutwa chungu cha udongo ni bora.

Bibie kuhusu tawi, mimi nitalitetea kidogo maana naona mmelitupa. Tawi linatoa ua lile lile la mama yake, halibadiliki, na linachanua mapema kwa kuwa limeshakomaa. Kwa uzio au kwa kujaza pembeni mwa njia halina mpinzani na ni bure. Kata urefu wa shibiri moja, futa utomvu, liache kivulini siku tano au wiki mpaka jeraha likauke, ndipo ulisimamishe kwenye mchanga wenye unyevu mdogo sana. Usilipande likiwa bichi linavuja, huoza. Na ukate kipindi cha joto, wakati wa baridi mmea umelala hauoti mizizi.

Mjukuu_wa_Eyasi
Naona wote mmepita juu juu kwenye watoto na mbuzi na mimi hilo ndo limenifanya nijisajili niandike. Utomvu wa huu mti ni SUMU ya moyo, si ya kuwasha tu. Wahadzabe huku Ziwa Eyasi wanauchemsha mpaka unakuwa mzito mweusi wanapaka kwenye mishale, na unaangusha wanyama wakubwa. Kwa hiyo mama weka mbali na mikono ya wadogo, mtoto asichezee maua wala matawi yaliyokatwa. Ukipogoa au kubebesha vaa glavu, usijishike macho, osha kisu na mikono kwa sabuni, na matawi uliyokata usiyatupe njiani, yafukie. Mbuzi mara nyingi anaukwepa mwenyewe, ila kipindi cha njaa mbuzi anajaribu kila kitu, weka seng'enge.

Kitalu_Mwenge
Hili naliunga mkono kabisa, na wauzaji tunapaswa kulisema kabla mteja hajaondoka.

Kibo_View (Moshi)
Na sisi wa ukanda wa baridi tuongezewe hapo. Kwangu Juni na Julai inapukutisha majani yote, watu wanadhani inakufa wanaanza kuimwagia maji, na hapo ndo inakufa kweli. Ikipukutisha na tumbo bado gumu iache kavu mpaka joto lirudi. Baridi ya chini ya nyuzi 10 haiwezi. Joto likianza kurudi ndo unapogoa, kila tawi ulilokata linatoa matawi mawili matatu na maua yanatoka kwenye ncha, kwa hiyo ncha nyingi maua mengi. Mbolea usizidishe naitrojeni, utapata majani mazuri marefu na ua hupati.

Wadudu ni vidukari vya njano kwenye machipukizi, vidung'ata vile vyeupe kama pamba, na kiangazi utitiri chini ya majani. Maji ya sabuni mapema yanatosha.

Mama_Kijani (Dodoma)
Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote na mume wangu. Tumeamua hivi: kwenye tuta mbele ya geti zitakuwa za mbegu, nikae nazo zikue na watoto, na tuta linapata seng'enge wiki hii hii kabla ya mche kwenda pale. Ya kubebeshwa nitachukua moja tu, chungu cha udongo, juu ya kibaraza ambapo mdogo wangu wa mwisho hafiki. Tawi la jirani litaenda nyuma. Swali langu la mwisho, yule dada wa mbegu ana pakiti za maua ya bluu, nazo zinafaa?

Kitalu_Mwenge
Hapana mama, waridi la jangwani la bluu halipo, picha imetiwa rangi kwenye kompyuta. Ipo nyeupe, pinki, nyekundu, zambarau iliyokolea, njano, na zile nyekundu nzito zinazoelekea weusi. Muulize mbegu zimevunwa lini na aoneshe mti mama. Akikosa vyote viwili muombe jirani yako akuachie maganda ya mbegu ya mti wake. Huwa yanatoka mawili mawili kama pembe, yakikaribia kukauka yafunge na uzi au kipande cha soksi nyepesi, kwa sababu likipasuka lenyewe mbegu zina manyoya ncha zote mbili, upepo wa Dodoma haukuachii hata moja.

Fundi_Bustani (Dar)
Na uzisie sasa hivi mama, usingoje mvua. Desemba ikifika ziwe zimeshanenepa chini.