Mrejesho: dogo wa kidonda cha moto na miwani ya VR (Kigoma)

Wakuu, mimi ndo niliyeuliza kama miwani ya VR (ile unavaa machoni unajiona kama uko ndani ya gemu) itamsaidia mwanangu akisafishwa kidonda cha moto, maana tukikaribia tu hospitali anaanza kulia. Basi shemeji katuazima ile ya kuchomeka simu, nesi akakubali ila dawa ya maumivu apewe kwanza kama kawaida. Tukamwekea gemu ya kurusha mabonge ya theluji (mtoto wa Ujiji na theluji wapi na wapi 😂), bandeji inalowekwa inabanduliwa yeye anazungusha shingo anatafuta wa kumtupia, kalia kidogo tu chachi iliponata. Sio kitu kipya, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walitengeneza gemu ya VR ya theluji inaitwa SnowWorld kwa ajili ya wagonjwa wa moto, akili ikishikwa kwingine maumivu yanapungua. Shida joto, lenzi zinajaa ukungu, simu inachemka balaa. Mliosema katuni za simu zinatosha, nilijaribu, akiona mkasi tu katuni kwisha.