Mtu anapanga nyama mkaa bado mweusi halafu anakwambia "vitakutana mbele ya safari"!!!

Wakuu nimetoka kwenye shughuli sasa hivi hata viatu sijavua, acha niseme nisije nikapasuka. Sitamtaja, mnamjua, yule ambaye kila penye jiko lazima koleo ashike yeye, hata ukibandika chai yako usiku wa manane utamkuta kasimama mlangoni na aproni.

Mbuzi nimenunua mimi, nimemloweka toka jana na ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, mkaa nimewasha mwenyewe, juu bado mweusi tii, miali inapanda na ule moshi mzito unaochoma macho. Nikasema tusubiri, moto utulie, mkaa ukolee uvae jivu. Nikaingia ndani kuchukua chumvi, kurudi nakuta paja zima liko juu ya wavu! Namuuliza wewe, mbona mkaa haujakolea? Ananijibu mbele ya wakwe zangu: "Dada tulia, nyama itaiva na mkaa utakolea, vitakutana mbele ya safari."

Mbele ya safari!!!

Safari ipi? Mafuta yakaanza kudondokea kwenye miali, moto ukapanda ukalamba nyama, kufumba na kufumbua nje nyeusi kama sufuria la msibani, ukikata mfupani damu inachuruzika. Na alishaumwagia mafuta ya taa eti "kuuchangamsha", kwa hiyo kila kipande kinanuka kibatari. Baba mkwe kaweka pande moja mdomoni, tumekula wali tumemaliza, vyombo vimeoshwa, yeye bado anatafuna, na mzee mwenyewe meno ya kuhesabu. Kuulizwa, jamaa anasema mbuzi alikuwa mzee. Yaani mbuzi wa watu anasingiziwa umri akiwa marehemu.

Nusu saa tu ilikuwa inatosha. "Vitakutana mbele ya safari." Mbele ya WAKWE. Sina hamu.

mlamifupa: Namjua huyo!! Kwetu alichoma kuku wa Pasaka, nje mkaa, ndani bado anawika.

Shemeji wa Kimara: Pole dada ila na wewe jiko ulimwachia nani? Chumvi inafuatwa kabla moto haujawashwa. Umemkaribisha mwenyewe.

Mwenye uzi: Kwa hiyo kosa ni CHUMVI? Mtu anaambia watu vitakutana mbele ya safari, wewe unaona chumvi?

Babu wa Pugu: Msigombane. Kiganja weka sentimita 10 hivi juu ya wavu, hesabu taratibu. Mkono ukikimbia kwenye mbili au tatu huo moto mkali, choma mishkaki. Ukivumilia mpaka nne tano hapo weka kuku na paja la mbuzi. Na mkaa usiutandaze wote, rundika upande mmoja, nyama ikishika rangi unaisogeza upande usio na moto imalizikie huko. Ukiona bado miali inacheza, kaa uendelee na stori.

mlamifupa: Babu huyo jamaa kiganja chake kinajua koleo tu.

Mama Gunia: Tuseme ukweli, mkaa wenyewe wa siku hizi haukolei. Gunia juu lumbesa, chini chenga na mawe, katikati visinga ambavyo havijaungua vizuri huko tanurini. Ukiwasha moshi mpaka majirani wanakuja na ndoo za maji.

Nishati Safi: Lengo la serikali ni 80% ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nyie mnalilia visinga. Nunueni gesi.

Mama Gunia: Mbuzi wa gesi kale wewe na familia yako.

Shemeji wa Kimara: Gesi msinikumbushe. Anayetuletea mitungi huku kwetu toka saa nne asubuhi "niko hapa kwenye kona bosi", maharage yamelala hayajachemka.

mlamifupa: Wa kwetu na yeye yuko kwenye kona! Halafu anakuletea mtungi seal imelegea, ukimuuliza anakuwa mkali yeye.

Mwenye uzi: Jamani uzi ni wa mbuzi.

Shemeji wa Kimara: Mbuzi tumeshamsikia dada. mlamifupa huyo wa kwenu ana bajaji ya bluu?