Eti nimewalisha wageni jini! Huyu mtu wetu wa Dublin nani amfunge mdomo?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukwa mnisamehe. Simtaji jina. Wa Dublin wote mnamjua: anakohoa kwanza ndipo aongee, ana dawa ya kila ugonjwa na tafsiri ya kila ndoto, na hajawahi kuchangia hata kopo la soda.

Leo tarehe 31 Oktoba nimekaribisha watu chai. Mama mkwe kaja kutoka Tanga, nikasema nimwonjeshe barmbrack, ule mkate wa zabibu wanaokula watu wa Ireland siku ya Halloween. Ndani wanaficha pete. Ikikuangukia wewe, ndoa iko njiani kabla mwaka haujaisha. Zamani waliweka na sarafu ya utajiri na kitambaa cha ufukara. Mchezo wa kuagulia tu, na boksi LIMEANDIKWA kuna pete!

Huyo bwana mkohozi naye alikuwepo, kachagua kipande kikubwa kuliko vyote. Anatafuna, anatafuna, akanyamaza. Akatoa mdomoni kikaratasi kimelowa mate, akakikunjua, pete hiyo. Akaruka kiti kikaanguka, na ukelele mpaka jirani wa chini akagonga dari: "PETE YA JINI! HUYU MAMA ANATULISHA JINI!"

Mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akaisukuma sahani yake taratibu, kwa kidole kimoja.

Kidole kimoja, wakuu!

Jini gani wa bati? Pete yenyewe ukiibonyeza inapinda! Kisha mhadhara ukaanza, eti Halloween ni ushetani ulioletwa na Wamarekani. Marekani ipi? Uko Ireland, ndiko ilikozaliwa! Iliitwa Samhain: mavuno yameisha, ng'ombe wameshushwa kutoka malishoni, giza la baridi linaingia, watu wanawasha mioto vilimani kama pale Tlachtga, Meath. Waliamini usiku huo wafu na vibwengo wanavuka kuja huku kwetu, ndiyo maana wakavaa sura za kutisha wasitambulike. Kanisa likaweka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, mkesha wake ukaangukia usiku ule ule, ndio Halloween yenyewe. Taa za usiku huo walichonga kwenye tanipu, mzizi kama figili kubwa ya mviringo. Maboga haya ya siku hizi waliyakuta Marekani wahamiaji wao, hasa waliokimbia njaa ya viazi iliyoanza 1845.

Namweleza yote hayo, yeye anatema mate kushoto. Kwenye zulia langu! Na mwenyewe kiunoni ana hirizi kubwa kama betri ya gari, tuliiona siku alipoinama kuokota rimoti.

Jini. Mbele ya mama mkwe.

Mchaichai: Swali moja tu dada. Kwa hiyo huyo bwana ataoa kabla mwaka haujaisha? Mkewe kaambiwa?

BwanaKijiti: Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mama mkwe alikula au hakula?

Mleta uzi: Hajala! Sasa hivi yuko jikoni anajipikia uji, sufuria kaisugua mpaka inalia. Na ile sauti bado iko masikioni mwangu, "anatulisha jini"!

KobeMzee: Unawawekea wazee chuma kwenye mkate halafu unalalamika wewe? Angepaliwa je? Mimi ningeita polisi kabisa.

PwaniMoja: Hao hao watu wa Ireland wana kisa cha Jack, mlevi bahili aliyemlaghai shetani. Alipokufa peponi hawakumtaka, motoni hawakumtaka, akatupiwa kaa la moto akalitia kwenye tanipu, anazurura nalo gizani. Mgeni wako ndiye huyo. Mpe tanipu lake aende.

MamaMinnesota: Afadhali wewe wa pete. Huku niliweka bakuli la peremende mlangoni kwa watoto wa Halloween, likaja jitoto lina ndevu limejifunika shuka, likabeba peremende NA BAKULI. Bakuli la seti!

Msemakweli: Ndevu? Huyo ni baba mtu.

MtuWaMbagala: Nyie mna raha. Mimi bundi katua juu ya bati, mwenye nyumba anasema nimemleta mimi, anataka nihame. Na kodi ya miezi sita keshaila!

KobeMzee: Mbagala ipi? Kuna mwenye nyumba huko alinitoza maji ya kisima ambacho hakina maji.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu?

Mchaichai: Dada subiri. Kwa kuwa umetaja pete, kuna harusi nimechangia tangu Machi, leo naletewa kadi ya single. Mume wangu nimwache getini?

Msemakweli: Wewe angalau una kadi. Mimi nimetoa laki nzima, naambiwa ukumbi umejaa.

BwanaKijiti: Laki ni double hiyo! Mweka hazina wa kamati ni nani?

MamaMinnesota: Mimi nilitumia kamati dola, wakasema hazijafika. Juzi namwona bibi harusi kwenye picha na seti mpya ya mabakuli.