Filta ya oili ya pikipiki ya zamani: uliipata wapi na ulijuaje ndiyo yenyewe? Tupeane uzoefu

Mzee wa GN (Iringa)
Wadau salama? Nina Suzuki GN125 ya zamani, injini bado nzima kabisa ila kila nikiingia duka la spea nikisema nataka filta ya oili jamaa anauliza "ya Boxer au ya Mchina?", nikimwambia GN anaingia stoo anatoka na kitu hata hajapima, "hii inaingia bosi". Inaingia wapi sasa.

Mimi nilitoboa kwa namba. Kava la filta liko mbele upande wa kulia chini, limefungwa kwa nati tatu, ukilitoa unakuta springi na nyuma yake filta ya karatasi kama kikopo kidogo. Namba ya Suzuki ni 16510-05240, na kwa wanaouza filta za kampuni ya Hiflo waambie HF131. Nilipoitaja hiyo namba muuzaji akavuta boksi lenye vumbi juu ya rafu, kumbe alikua nayo siku zote ila kaiandika jina la pikipiki ya Kichina ambayo injini yake imenakiliwa GN. Haya na nyie, mlipataje zenu? Mwenye CG, XR, mwenye lidude kubwa, wote karibuni.

fundi kijiweni
Mzee umegusa penyewe. Naongezea kwa hizo za Kichina maana wengi wanazo na hawajui wanachomiliki. Angalia namba iliyogongwa kwenye injini. Ukikuta inaanza 157FMI mara nyingi hiyo ni ukoo wa GN, ukikuta 156FMI ni ukoo wa Honda CG125, na 162FMJ ni CG iliyokuzwa kuwa 150. Ile 1 ya mwanzo ni silinda moja, mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, F inapozwa kwa upepo, M pikipiki, I ni daraja la cc 125 na J la cc 150. Ukishajua hivyo dukani hawakuzungushi.

Sasa watu wa CG, msinichukie. CG HAINA filta ya karatasi. Jamaa mmoja aliniletea filta mkononi kanunua mjini nimfungie, nikamwambia kaka nionyeshe tundu la kuiweka basi. Chini ya injini kuna nati kubwa, ndani springi na kachujio ka wavu, hako unakaosha kwa petroli unakarudisha. Na filta yenyewe hasa iko ndani ya kava la klachi, kwenye ncha ya krenki kuna kisahani kimefunikwa na skrubu tatu, krenki ikizunguka uchafu mzito unarushwa pembeni unaganda humo. Ya huyo jamaa nilifungua nikakuta tope jeusi limejaa hadi nalichokonoa kwa bisibisi, baada ya hapo petroli na brashi. Kwahiyo hela ya filta nunua gasketi ya kava la klachi, ukifungua ile ya zamani lazima itachanika.

nduthi ya babu
Niko Nairobi, babu aliniachia Honda XR250 na hiyo iko na filta ya karatasi, HF112. Nilizunguka Kirinyaga Road duka baada ya duka, kila mtu ananiuza ya nduthi ya 150. Mwenye alinisaidia ni mzee hauzi hata spea za Honda, yeye alitoa rula, akapima filta ya zamani nimetoka nayo nyumbani, urefu, upana wa nje na tundu la katikati, halafu akaniambia Honda XR400 na NX250 zinatumia hiyo hiyo, kwa hivyo usiulize ya XR250 peke yake uliza zote. Nikaipata kwa jamaa wa NX. Iko na maandishi OUT SIDE kwa upande mmoja, hayo yanaangalia nje, msibahatishe.

Bint Darajani
Jamani mie nna Vespa PX hapa Unguja, nimesoma yote hayo na filta yangu siioni popote, nimeibiwa au?

fundi kijiweni
Hujaibiwa dada, Vespa ni tustroku (injini ya mipigo miwili), haina filta ya oili. Oili ya injini unachanganya na petroli, asilimia 2. Ya gea ndio unamwaga na kubadili, SAE 30 ml 250 basi. Anayekuuzia filta ya hiyo mkimbie.

Mtu wa Moshono
Mimi ndo yule wa lidude, Honda Africa Twin 750. Filta yake ya kufunga kwa nje, HF303, namba ya Honda 15410-MM9. Hizi ukikosa za pikipiki watu wanakwambia weka ya gari. Nilijaribu kukadiria dukani na ile ndogo ya Toyota maana kwa macho zinafanana kabisa, haikushika hata uzi mmoja, uzi wa Honda ni milimita 20 kwa 1.5, wa Toyota ni robo tatu ya inchi. Ya gari la Honda uzi unalingana, ila kulingana uzi sio kwamba mpira unakaa palepale wala kwamba vali ya ndani inafunguka kwa presha ileile, mimi yangu siweki. HF204 ndiyo niliyoishia nayo, hiyo ni ya Honda za baadae na inakaa vizuri.

Mzee wa GN (Iringa)
Nimekumbuka jambo kabla sijalala. Wa GN, tundu la filta linaangalia ndani kwenye injini, springi inasukuma ule upande uliozibwa. Kuna jirani fundi wake aliipachika kinyume, pikipiki ikatembea wiki kadhaa juu kukaanza kugonga, kufungua hedi kamshafti imelika upande mmoja hadi unahisi mfereji kwa kucha. Mafuta hayakua yanapanda vizuri huko.

kobe wa Mbeya
Mzee na ile oringi ya kava unabadili kila mara?

Mzee wa GN (Iringa)
Naibana kwa vidole kwanza, ikiwa bado laini na haijawa bapa narudisha. Ikishakua ngumu itavuja tu hata ukaze vipi, na ukizidisha kukaza zile stadi tatu zinazoshika nati ni nyembamba zinakatika.