Naomba ushauri: nimpeleke baba Dar es Salaam akaone dansi?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Baba yangu, ambaye ni mstaafu na tunaishi naye hapa Dodoma, alikulia enzi za dansi, wakati bendi kama Morogoro Jazz na NUTA Jazz zikikesha kumbini, na mpaka leo hachoki kuusimulia ukumbi wa DDC Kariakoo na bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Redio ikipiga zilipendwa huongeza sauti, hufumba macho, na tarumbeta zikiingia vidole vyake hucheza juu ya mkono wa kiti. Hata hivyo, redio si sawa na kukaa mbele ya jukwaa, nami ningependa aipate tena raha hiyo akiwa bado na nguvu.

Nimefikiria kumpeleka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 imerahisisha sana safari hiyo, tukawaone Msondo Ngoma, warithi wa NUTA Jazz ya mwaka 1964. Kinachonitia wasiwasi ni magoti yake na kukesha. Vinginevyo nikodi bendi hapahapa Dodoma, lakini iwe yenye magitaa, besi na tarumbeta za kweli, si kinanda kimoja kinachoiga vyote.

Wenye uzoefu, mnanishauri nini? Je, kuna maonyesho ya dansi yanayoanza mapema jioni, ambako wazee hupata viti vizuri? Na nikikodi bendi, ni mambo gani niyaandike kwenye mkataba kabla ya kutoa malipo ya awali?