Mshubiri kwenye ndoo unalegea

Wakuu, mshubiri (aloe vera) wangu hapa Embakasi, Nairobi, umelegea, majani ya chini ni ya kahawia na laini. Namwagilia kila jioni. Nilitaka ute wa kupaka ngozi.

— Mizizi inaoza. Huo udongo mweusi wa huko hushika maji kama sufuria. Ng'oa, kata mizizi myeusi yote, uache mmea kivulini siku 4 vidonda vikauke. Panda kwenye udongo mwekundu na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, ndoo iwe na matundu 6 chini. Maji baada ya wiki. Kisha mwagilia udongo ukikauka sentimita 5 kwenda chini. Julai, baridi ikikaza, hata wiki 3 bila maji ni sawa.

— Ukivuna, chukua jani la nje, lisimamishe upande uliokatwa ukiwa chini dakika 15. Maji ya manjano yanayotoka yana aloini: huwasha ngozi, na ukiyanywa utaharisha. Suuza, menya, tumia ute mweupe tu. Jaribu kwanza mkononi, usubiri siku moja.

— Mjamzito asiunywe kabisa.